Mtoto Yuko Tanga, Mshahara Uko Ohio: Ulinganisho wa Njia za Kumweka Mtoto Aliyeko Nyumbani Kwenye Ritani ya Kodi ya Marekani

Msimu wa kodi unapoanza, mtu huingia na bahasha yenye fomu ya W-2, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka, huketi mbele yangu, na kabla hatujagusa karatasi yoyote hufungua simu na kunionyesha picha ya mtoto. "Huyu naye ni wangu, kaka," huniambia. "Yuko kwa bibi yake Tanga, na kila kitu chake nalipa mimi." Kisha hushusha kwa kidole orodha ndefu ya miamala ya M-Pesa, mwezi kwa mwezi, ada, sare, dawa, unga. Hasemi uongo hata kidogo. Kwa desturi zetu, anayelipa hayo yote ndiye mlezi, awe amelala nyumba moja na mtoto au wametenganishwa na bahari.

Sheria ya kodi ya Marekani hufuata mpangilio mwingine. Huuliza kwanza mtoto ni raia au mkazi wa wapi, kisha huuliza analala kwa nani, na swali la nani anamlisha huja baada ya hayo. Nimeona watu wengi wakikosea kwa kuanza na swali la mwisho, na kosa hilo lina pande mbili: wapo wanaodai wasichostahili wakaja kukirudisha pamoja na riba, na wapo wanaostahili kitu lakini hawakidai kwa kuwa waliambiwa kwamba mtoto wa ng'ambo hahesabiwi kabisa. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya wote wawili. Takwimu ninazotaja ni za mapato ya mwaka 2025, ambayo ritani yake inatakiwa kufika kabla ya tarehe 15 Aprili 2026 kupita.

Ugeni wetu katika jambo hili si wa ajabu. Nchini Kenya nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi ni ya mfanyakazi mwenyewe, awe hana mtoto au awe nao sita. Tanzania Bara, shilingi 270,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazikatwi kodi kwa yeyote, na hakuna anayekuuliza una watoto wangapi. Mtu aliyekulia katika utaratibu huo hukutana na neno "mtegemezi" kwa mara ya kwanza kwenye fomu ya Marekani, akalitafsiri kwa moyo wake badala ya kulitafsiri kwa sheria.

Kinachopatikana

Tangu mwaka 2018, kumtaja mtegemezi peke yake hakupunguzi kodi hata senti moja, kwa sababu lile punguzo la kila kichwa lilishushwa hadi sifuri, na sheria iliyosainiwa Julai 2025 imelifanya hivyo moja kwa moja. Kinachobaki ni manufaa makuu manne, na kila moja lina masharti yake.

La kwanza ni nafuu ya kodi ya mtoto, ambayo ni dola 2,200 kwa mtoto aliye chini ya miaka 17 mwaka unapoisha. Kati ya hizo, hadi dola 1,700 zinaweza kurudishwa taslimu hata kama kodi yako imekwisha. La pili ni nafuu ya wategemezi wengine, dola 500, ambayo hupunguza kodi unayodaiwa lakini hairudishwi taslimu. La tatu ni hadhi ya mkuu wa kaya, ambayo hupandisha punguzo la kawaida kutoka dola 15,750 za mtu asiye na ndoa hadi dola 23,625. La nne ni nafuu ya wenye kipato cha kazi cha chini, ile watu wanayoiita EITC, inayofika dola 4,328 kwa mwenye mtoto mmoja.

Hilo la nne ndilo linaloshawishi na ndilo linaloponza. Linataka mtoto awe ameishi nawe ndani ya Marekani zaidi ya nusu ya mwaka, kwa hiyo mtoto ambaye makazi yake ni Tanga, Bukavu au Mombasa hapati kuingia humo kwa njia yoyote, hata awe raia na hata uwe unatuma nusu ya mshahara wako. Hadhi ya mkuu wa kaya nayo haipatikani kwa mtoto anayeishi nyumba nyingine. Mjazaji wa ritani anayekuahidi hayo mawili kwa mtoto uliyemwacha nyumbani anakuingiza matatani, na saini iliyo chini ya ukurasa ni yako, si yake.

Raia, mwenye Green Card, na asiye na vyote viwili

Tuweke watoto watatu ubavu kwa ubavu, wote wana miaka tisa, wote wanaishi Tanga.

Wa kwanza alizaliwa Columbus, Ohio, akapelekwa nyumbani akiwa mdogo. Huyu ni raia wa Marekani, kwa hiyo mlango wa kwanza uko wazi kwake popote alipo duniani. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyezaliwa Tanga kwa mzazi aliyekuwa tayari raia, endapo mzazi huyo alikuwa ameishi Marekani kwa jumla ya miaka mitano kabla mtoto hajazaliwa, na miwili kati ya hiyo iwe baada ya kutimiza miaka 14. Hiyo ndiyo kanuni pale mzazi mwingine asipokuwa raia na wazazi wakiwa wamefunga ndoa. Mtoto wa namna hiyo huandikishwa ubalozini kabla hajafikisha miaka 18, na nasisitiza kuandikishwa, maana uraia usio na karatasi hausaidii kitu kwenye ritani.

Wa pili ana Green Card lakini amerudishwa kwa bibi. Kwa macho ya kodi bado ni mkazi wa Marekani hadi hadhi hiyo iachwe au ifutwe rasmi. Kwa macho ya uhamiaji hali yake ni ya hatari, kwa sababu kukaa nje mwaka mzima bila kibali cha kurejea kunaweza kumnyima njia ya kurudi, na kibali hicho hutolewa kwa muda usiozidi miaka miwili. Ningemshauri mzazi huyu asiangalie nafuu ya kodi kabla hajaangalia kalenda ya kadi ya mwanawe.

Wa tatu ana pasipoti ya Tanzania tu, na hajawahi kukanyaga Marekani. Huyu hawezi kuwa mtegemezi kwenye ritani ya Marekani. Si kwa dola 2,200, si kwa dola 500, na haijalishi risiti ni ngapi. Wapo wanaosikia kwamba mtoto wa Meksiko huweza kutajwa bila kuwa raia, na ni kweli: wakazi wa Kanada na Meksiko wametengwa na sheria kwa sababu ya ujirani, ingawa hata wao wakiwa si raia hawapati zile dola 500. Afrika Mashariki haimo katika ujirani huo. Aidha, namba ya ITIN, ile ya kodi kwa asiye na Social Security, haibadilishi jambo, kwa kuwa tangu 2018 mtegemezi hapewi namba hiyo ila pale ambapo kuna nafuu halali atakayoileta kwenye ritani.

Kumwambia baba hili ni kazi nzito. Nimewahi kumwona mtu mzima akikunja risiti zake moja moja na kuzirudisha mfukoni. Lakini huyo huyo, kama ameoa na mke yuko nyumbani na mtoto, ana njia nyingine ambayo wengi hawaijui, nami nitaifikia.

Kwa bibi, kwa mama, au bwenini

Hapa ndipo mambo yanapotofautiana zaidi, na hapa nazungumzia mtoto mwenye uraia au ukazi tu, kwa kuwa yule wa tatu ameshaishia mlangoni.

Mtoto anayeishi kwa bibi hapiti katika kundi la "mtoto anayestahili", kwa kuwa kundi hilo linadai awe ameishi na mlipakodi zaidi ya nusu ya mwaka. Hata hivyo anaweza kuingia katika kundi la pili, la "ndugu anayestahili", ambalo halimtaki mtoto wako wa kumzaa alale nyumbani kwako. Masharti ni kwamba asiwe mtoto anayestahili wa mlipakodi mwingine, kipato chake kwa mwaka kiwe chini ya dola 5,200, na wewe uwe umetoa zaidi ya nusu ya gharama zake zote. Bibi wa Tanga asiye raia na asiye na kipato Marekani si mlipakodi wa Marekani, kwa hiyo hazuii chochote. Matokeo yake ni dola 500.

Mtoto anayeishi kwa mama yake ana nafasi kubwa zaidi, na tofauti hii huwashangaza hata watu wanaojaza ritani kila mwaka. Sheria ina kanuni maalumu kwa wazazi walioachana, waliotengana, au walioishi mbalimbali katika miezi yote sita ya mwisho ya mwaka. Ikiwa mtoto alikuwa mikononi mwa mzazi mmoja au wote wawili kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na wazazi ndio waliotoa zaidi ya nusu ya matunzo yake, mzazi anayekaa na mtoto anaweza kusaini Fomu 8332 na kumwachia mwenzake haki ya kumdai. Baba aliyeko Ohio akiambatisha fomu hiyo, mtoto raia aliye chini ya miaka 17 humpatia nafuu ya dola 2,200 badala ya 500, ingawa EITC na hadhi ya mkuu wa kaya hubaki palepale, nje ya mkono wake.

Angalia basi umbali ulioko kati ya nyumba mbili zinazoweza kuwa mtaa mmoja. Mtoto akilala kwa mama, ni dola 2,200 kwa saini ya mama. Akilala kwa bibi mzaa mama, nyumba ya tatu kutoka hapo, kanuni ya wazazi haifanyi kazi, kwa sababu bibi si mzazi, na nafuu hushuka hadi dola 500. Sishauri mtu amhamishe mtoto kwa ajili ya fomu. Nasema tu kwamba kama mama ndiye anayeishi naye kweli, na mazoea yenu ni kusema "yuko kwa bibi" kwa kuwa nyumba ni ya bibi, basi elezeni ukweli kama ulivyo, kwani maneno hayo ya mazoea yanaweza kuwagharimu dola 1,700.

Bweni ni habari nyingine. Mtoto aliyekuwa akiishi nawe Marekani, kisha ukampeleka shule ya bweni Kenya au Tanzania kwa muda akiwa na nia ya kurudi, anaweza kuhesabiwa kuwa hajatoka nyumbani kwako. Kutokuwepo kwa muda kwa sababu ya masomo, ugonjwa, likizo au utumishi wa jeshi hakuvunji makazi, ilimradi nyumba yako ibaki ikimsubiri na iwe jambo la kuaminika kwamba atarejea. Huyo ni mtoto anayestahili kwa kila nafuu, EITC ikiwemo.

Tatizo ni kwamba kila mzazi aliyemwacha mtoto kwa bibi tangu akinyonya hupenda kusema, "yuko masomoni tu." Tofauti iko katika mambo yanayoonekana. Mtoto wa bweni aliishi nawe, ana daktari wake Columbus, alirudi likizo, ana kitanda na begi la shule ya zamani, na barua ya bweni inaonyesha tarehe ya kuanza na anwani ya mzazi Marekani. Aliyeachwa kwa bibi hajawahi kulala nyumbani kwako usiku mia moja, na rekodi ya kliniki yake yote ni ya hospitali ya Bombo, Tanga. Sheria haikuweka idadi ya miaka ya kuwa bwenini, lakini kadiri muda unavyorefuka bila mtoto kurudi ndivyo neno "muda" linavyopoteza maana.

Niliketi na baba mmoja aliyepokea barua ya CP75, ambayo ndiyo IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hutuma inapozuia marejesho ya EITC ikitaka ushahidi. Mjazaji wake alikuwa ameandika kwamba mtoto aliishi naye miezi 12. Baba, kwa uaminifu wake, aliomba barua shuleni Tanga, ikaja safi, ina mhuri wa rangi ya zambarau na saini ya mwalimu mkuu: mwanafunzi amehudhuria mwaka mzima, anaishi na bibi yake, mtaa fulani. Aliiweka mezani akiamini imemwokoa. Niliisoma mara mbili kabla ya kumweleza kwamba karatasi hiyo ndiyo iliyofunga dai. Marejesho ya mwaka huo hayakutoka, na ya mwaka uliotangulia, aliyokwisha kuyapokea kwa maelezo yale yale, ilibidi ayarudishe pamoja na riba. Kwa kuwa mtoto alizaliwa Columbus, tuliweza kudai dola 500 za ndugu anayestahili, jambo ambalo lingefanyika vizuri tangu mwanzo kama mjazaji yule angeuliza mtoto analala wapi.

Angeweza kupatwa na makubwa zaidi. Anayedai nafuu hizi kwa kupuuza kanuni bila kujali hufungiwa kuzidai kwa miaka miwili, na anayedai kwa udanganyifu hufungiwa miaka kumi. Mwenye shaka na ritani zake za nyuma anaweza kuzirekebisha mwenyewe kwa Fomu 1040-X kabla barua haijafika, nami sijawahi kumwona mtu akijutia kufanya hivyo.

Hesabu ya nusu

Kwa njia ya bibi, neno "zaidi ya nusu" linapaswa kuhesabiwa kwa kalamu. Tuseme matunzo ya mtoto kwa mwaka ni haya: chakula shilingi 1,200,000, ada 1,500,000, sare na nguo 250,000, matibabu 200,000. Kuna kitu kimoja ambacho watu husahau, nacho ni paa. Nyumba ya bibi ingepangishwa kwa shilingi 200,000 kwa mwezi na wanaishi watu wanne, kwa hiyo fungu la mtoto ni 50,000 kwa mwezi, sawa na 600,000 kwa mwaka. Jumla ni 3,750,000, na nusu yake ni 1,875,000.

Baba analipa ada, sare na matibabu, yaani 1,950,000. Amevuka kwa shilingi 75,000 tu. Shamba la bibi likitoa mahindi na mihogo ambayo thamani yake haikuingizwa kwenye chakula, baba anaweza kuanguka. Kinyume chake, ikiwa fedha za chakula pia zinatoka kwake, au nyumba ile ni yeye aliyeijenga na ni mali yake, uzani unahamia upande wake bila wasiwasi. Ndiyo sababu ya kuhifadhi si miamala peke yake, bali pia risiti ya ada iliyoandikwa jina la mtoto, kwa maana muamala uliokwenda kwa bibi hausemi ulimlisha nani kati ya wanne.

Mke akiwa nyumbani: ritani moja au mbili

Sasa ile njia niliyoahidi. Mtu mwenye ukazi au uraia wa Marekani, ambaye mke au mume wake anaishi Dar es Salaam na si mkazi wa Marekani, ana machaguo mawili ya kweli. Anaweza kujaza peke yake kama mwenye ndoa anayejaza mbali na mwenzake, kwa punguzo la dola 15,750. Au wawili hao wanaweza kuchagua mwenzi wa nyumbani ahesabiwe kuwa mkazi kwa ajili ya kodi, wakajaza ritani moja kwa punguzo la dola 31,500.

Chukua mume anayelipwa dola 48,000 na mke asiye na kipato. Akijaza peke yake, kodi yake kabla ya nafuu yoyote ni takriban dola 3,630. Wakijaza pamoja ni takriban dola 1,650. Tofauti inakaribia dola 1,980, na mtoto hajatajwa bado. Kwa baba wa yule mtoto wa tatu, aliyekataliwa mlangoni, hii ndiyo nafuu yake: mtoto hawezi kumsaidia kwenye ritani, lakini mama wa mtoto anaweza. Na kwa mwenye mtoto raia anayeishi na mama huyo, ritani ya pamoja humfanya mama awe mmoja wa walipakodi, hivyo mtoto anakuwa ameishi na mlipakodi na Fomu 8332 haihitajiki tena kwa zile dola 2,200.

Gharama zake zijulikane pia. Kipato chote cha mke, duka lake la Kariakoo na nyumba anayopangisha Mbagala, huingia kwenye ritani ya Marekani. Mke atahitaji namba ya ITIN, inayoombwa kwa Fomu W-7 pamoja na pasipoti halisi au nakala iliyothibitishwa na mamlaka iliyoitoa. Uamuzi huo huendelea miaka inayofuata hadi usitishwe, na ukishasitishwa ninyi wawili hamwezi kuufanya tena. Ndoa yenyewe iwe inatambulika kisheria mahali ilipofungwa, na cheti kiwepo. Kwa mke mwenye biashara yenye faida kubwa, kujaza mbali kunaweza kuwa nafuu zaidi, hasa ikiwa mama atasaini 8332 ili baba apate nafuu ya mtoto kwenye ritani yake mwenyewe. Fanyeni hesabu zote mbili kabla ya kuchagua.

Anayetua katikati ya mwaka

Familia za wakimbizi kutoka Kongo, ambazo watoto wengine walibaki kambini Nyarugusu wakisubiri kuungana na wazazi, na zile za bahati nasibu ya viza, hukutana na swali la mwaka wa kwanza. Mtoto aliyeingia kwa Green Card mwezi Mei ataishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka, na ni mtoto anayestahili. Akiingia Agosti, amechelewa kwa kundi hilo, lakini ni mkazi tangu siku aliyotua, kwa hiyo kama ulimtunza mwaka mzima anaweza kuwa ndugu anayestahili wa dola 500. Aliyeingia Agosti kama mkimbizi hana Green Card bado, na siku zake hazitoshi kipimo cha siku 183 cha ukazi, hivyo kwa kawaida mwaka huo hapiti. Mwaka unaofuata, wote watatu wako sawa.

Ushauri wa ndugu aliyeko Ujerumani

Makosa mengine huletwa na simu za kindugu. Dada wa Frankfurt anamwambia kaka wa Ohio, "mimi namdai mwanangu wa Kigoma kila mwaka, wewe unaogopa nini?" Naye anasema kweli, kwa nchi yake. Ujerumani haijali uraia wa mtoto kwa ajili ya lile punguzo la mtoto linaloitwa Kinderfreibetrag. Mzazi mkazi wa Ujerumani huweza kulidai kwa mtoto anayeishi Tanzania au Kenya, ila hupunguzwa kufuatana na gharama za maisha za nchi anakoishi mtoto, na nchi zetu ziko katika kundi la robo. Mwaka 2025 punguzo kamili ni euro 9,600, na mzazi ambaye mwenzake hakai Ujerumani hulipata lote, kwa hiyo robo yake ni euro 2,400 zinazoondolewa kwenye kipato kinachotozwa. Kama euro zake za juu zinakatwa asilimia 30, ameokoa takriban euro 720. Ile posho ya kila mwezi, Kindergeld, iliyokuwa euro 255 mwaka 2025, hailipwi kwa mtoto aliyeko Afrika Mashariki.

Uingereza haina punguzo la kodi la mtoto kabisa. Kilichopo ni posho ya Child Benefit, inayotaka mtoto awe anaishi humo. Kanada nayo hufungamanisha posho yake kubwa na mtoto kuishi na mzazi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza ndugu anayekushauri ni anajaza ritani ya nchi gani.

Namba na saini kwa wakati

Nafuu ya dola 2,200 inataka mtoto awe na namba ya Social Security inayoruhusu kazi, iliyotolewa kabla ya siku ya mwisho ya ritani, muda wa nyongeza ukiwemo. Kuanzia mwaka 2025 mzazi naye lazima awe nayo. Kwa ritani ya pamoja inatosha mmoja wenu. Mtoto raia aliyezaliwa ng'ambo mara nyingi ana pasipoti lakini hana namba hiyo, na maombi yake kupitia ubalozi huchukua muda. Mwenye mtoto wa namna hiyo aombe nyongeza ya muda kabla ya tarehe 15 Aprili, ili awe na hadi 15 Oktoba kupokea namba, akikumbuka kwamba nyongeza ni ya kuwasilisha ritani, na kodi yenyewe hulipwa Aprili.

Fomu 8332 nayo isainiwe na mama mwenyewe. Mtumie mapema, mweleze kwa simu kila mstari unasema nini, na mwache achague kama anaachia mwaka mmoja au miaka ijayo pia. Mimi hupendekeza mwaka mmoja mmoja, kwa kuwa mtoto wa miaka tisa anaweza kuhamia kwa bibi, akaenda bwenini, au akapanda ndege kumfuata baba, na kila hali kati ya hizo ina mstari wake mwingine kwenye ritani.